Tufaha na Mahali Pake: Historia ya Common Ground na Bustani za Matunda za Jamii

Jumapili ya tarehe 21 Oktoba 1990 matunda yalirudi Covent Garden. Kwa karne tatu uwanja huo wa katikati ya London ulikuwa soko la mboga na matunda. Hati ya kifalme ya kuliendesha ilitolewa mwaka 1670. Mwaka 1974 wachuuzi wakahamishiwa Nine Elms, ng'ambo ya kusini ya Mto Thames, na majengo ya zamani yakageuzwa maduka ya mapambo, nguo na vitu vya watalii. Ukumbi mmoja ulibaki na jina lake la kale, Soko la Matufaha, ingawa biashara ya matufaha ilikuwa imeondoka na wachuuzi wake. Siku hiyo ya Oktoba zikapangwa meza zipatazo arobaini. Wakulima walileta mavuno yao, watengenezaji wa juisi na wa pombe ya matufaha wakaleta vyao, na mabingwa wa kutambua aina wakakaa tayari na visu vyao. Watu wa mjini waliozoea aina tano au sita za dukani wakajikuta mbele ya aina kwa makumi: nyekundu, kijani, za rangi ya shaba, zenye ganda la kukwaruza, nyingine za kutosha kiganjani na nyingine za kushikwa kwa mikono miwili.

Shirika lililoandaa siku hiyo lilikuwa dogo mno kwa kazi iliyokuja kutokana nayo. Common Ground lilianzishwa mwaka 1983 na Sue Clifford, Angela King na Roger Deakin. Clifford alikuwa mhadhiri wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha London. King alikuwa amefanya kampeni za wanyamapori katika shirika la Friends of the Earth tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati vita vya kuwaokoa nyangumi na fisimaji vilipokuwa vikipamba moto. Deakin baadaye alipata umaarufu kama mwandishi, kwa kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu kuogelea katika mito na maziwa ya Uingereza. Alifariki mwaka 2006. Clifford na King ndio waliobeba mzigo wa shirika kwa karibu miongo mitatu.

Walikuwa na jambo moja lililowakera. Uhifadhi wa Uingereza wa wakati ule ulijali vitu adimu: ua lililobaki mahali pawili tu, ndege anayekaribia kutoweka, bonde lenye mandhari ya kuvutia wageni. Palipobaki, yaani mahali ambapo watu wengi wanaishi, hapakuwa na msemaji. Mwerezi uliosimama njia panda, kisima cha kijiji, ukuta wa mawe uliojengwa kwa namna ya wilaya ile peke yake, mti wa matunda nyuma ya nyumba ya bibi: hakuna orodha ya serikali iliyovitaja, na vilipoondolewa hakuna aliyeulizwa. Common Ground likasema kwamba mwenye haki ya kusema kitu gani kina thamani ni yule anayeishi nacho, hata kama hana shahada. Kwa sasa kauli hiyo haishtui. Mwaka 1983 ilikuwa inawavua wataalamu mamlaka yao.

Kazi yao ya kwanza iliyosambaa ilikuwa ramani za parokia, kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Wanakijiji walialikwa kuchora wenyewe ramani ya kwao, kwa rangi, kwa uzi au kwa kitambaa, na kuweka humo wanachokithamini. Mamia ya jamii ziliitikia, na nyingi za ramani hizo zingali zinatundikwa katika kumbi za vijiji. Nataja jambo hili kwa sababu ndilo lililowapeleka kwenye matunda. Watu walipokaa kuchora, bustani za matunda zilijitokeza tena na tena katika ramani. Mara nyingi zilichorwa kwa masimulizi ya wazee, kwa kuwa zenyewe zilikwisha kung'olewa.

Ung'oaji huo ulikuwa na sababu zinazojulikana. Uingereza ilipoingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, soko lake lilifunguka kwa matufaha ya Ufaransa, hasa Golden Delicious, yaliyokuja kwa wingi, kwa ukubwa mmoja na kwa matangazo makubwa. Wakulima wakalipwa ruzuku ili wang'oe miti yao. Maduka makubwa yakataka aina chache zinazofanana, zinazosafiri bila kuchubuka na kukaa rafuni. Wakulima waliobaki sokoni walipanda miti mifupi iliyosongamana, inayochumwa mtu akiwa amesimama chini. Ile miti mirefu ya zamani, iliyoachwa nafasi ya kondoo na ng'ombe kulisha chini yake, ikaonekana mzigo. Palipokuwa karibu na mji, pakajengwa nyumba. Uchambuzi wa ramani uliotolewa na shirika la uhifadhi la National Trust mwaka 2022 ulionyesha kwamba England na Wales zimepoteza asilimia 81 ya bustani za matunda za kiasili tangu kuanza kwa karne ya 20.

Bustani hizo zilipotoweka, nyingi ziliondoka na kitu kisichorudi, na hapa inabidi tueleze tabia ya mti wenyewe. Mbegu ya tufaha haitoi mti unaofanana na mama yake. Panda mbegu tano za tunda moja na utapata miti mitano tofauti, mingi ikiwa na matunda machungu au madogo. Aina nzuri huendelezwa kwa njia moja tu: kukata kikonyo kutoka mti unaoutaka na kukibebesha juu ya shina la mche mwingine. Mkulima wa machungwa wa Muheza anaifahamu kazi hii vizuri, maana ndivyo anavyobebesha chungwa juu ya limau. Maana yake ni kwamba kila mtufaha wa aina yenye jina ni kipande cha mti wa kwanza, kilichopita mkononi mwa mtu hadi mkononi mwa mtu mwingine. Mikono ikisita kwa kizazi kimoja au viwili, miti huzeeka, hufa, na aina imekwisha. Hakuna ghala la mbegu linaloweza kuiokoa.

Mfano wanaoupenda Waingereza ni tufaha la kupikia liitwalo Bramley's Seedling. Mwaka 1809, katika mji mdogo wa Southwell, Nottinghamshire, msichana Mary Ann Brailsford alipanda mbegu kadhaa, na mche mmoja ukakua. Familia iliondoka, nyumba ikanunuliwa mwaka 1846 na mwuza nyama aliyeitwa Matthew Bramley. Miaka kumi baadaye kijana wa familia ya wauza miche, Henry Merryweather, aliomba vikonyo. Bramley alikubali kwa sharti kwamba tunda liitwe kwa jina lake. Hivyo tunda lililopikwa katika karibu kila nyumba ya Uingereza lina jina la mtu ambaye hakulipanda, na aliyelipanda hakujua lilikofika. Kila mti wa Bramley duniani umetokana na ule mmoja wa Southwell.

Clifford na King waliona kwamba ndani ya tunda hili kulikuwamo kila kitu walichokuwa wakikihangaikia. Aina nyingi zimebeba jina la mahali zilikozaliwa: Blenheim Orange ya Oxfordshire, Ribston Pippin ya Yorkshire, D'Arcy Spice ya Essex, ambayo kwa desturi huchumwa Novemba mapema na kuwekwa hadi iive taratibu wakati wa baridi. Kila tunda lina matumizi yake, mapishi yake, msimu wake, nyimbo zake. Kituo cha taifa cha kuhifadhi aina za matunda, kilichoko Brogdale, Kent, kina zaidi ya aina 2,000 za matufaha. Anayekula aina moja kila siku atahitaji miaka mitano na ushee kuzimaliza. Kituo hicho chenyewe kilinusurika kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati serikali ilipojiondoa katika uendeshaji wake na wakfu wa hisani ukaundwa kuchukua ardhi yake. Watu waliokuwa wakikusanyika kuonja matufaha sokoni walikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi.

Common Ground lingeweza kuishika Apple Day, Siku ya Tufaha iliyoanzia Covent Garden, kama mali yake, kuisajili, kutafuta mfadhili wa benki au wa duka kubwa. Halikufanya hivyo. Lilitangaza kwamba tarehe 21 Oktoba ni sikukuu ya yeyote anayeitaka, likachapisha vitabu na vijitabu vya kueleza namna ya kuiandaa, likarudi nyuma. Mwaka uliofuata sherehe zilikuwa makumi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa mamia, katika mashule, makumbusho, mashamba, vilabu vya pombe, bustani za mimea na viwanja vya makanisa. Mimi nauona uamuzi huu kuwa wa maana kuliko sherehe yenyewe. Mashirika mengi hukua kwa kukusanya: wanachama, majengo, nembo. Hili lilikua kwa kugawa, na ndiyo maana wengi wanaoadhimisha Apple Day leo hawajui nani aliianzisha. Ndiyo maana pia inafaa historia yake iandikwe.

Kivutio kikubwa cha siku hizo ni meza ya utambuzi. Watu huja na mfuko wa matunda kutoka mti wa nyuma ya nyumba, mti waliourithi pamoja na nyumba, na kuuliza: huyu ni nani? Mtambuzi hahitaji tunda moja bali kadhaa, kwa sababu mti mmoja huzaa matunda ya sura tofauti juu na chini, juani na kivulini. Hupima kwa macho umbo na rangi, hutazama kikonyo cha tunda na kile kitovu kilichoachwa na ua upande wa pili, kisha hukata tunda katikati aone chumba cha mbegu, hunusa, huonja. Kitabu cha matufaha cha Joan Morgan na Alison Richards, kilichotoka mwaka 1993, kimekuwa msaada mkubwa wa kazi hiyo. Katika miaka ya karibuni vipimo vya vinasaba kutoka kwenye jani vimeongezwa, na vimethibitisha kuwa baadhi ya miti isiyojulikana haifanani na chochote kilichohifadhiwa Brogdale. Mtu aliyekuja na tunda asilolijua huondoka akiwa mlezi wa mti pekee wa aina yake unaofahamika. Nimesoma maelezo ya watu waliopata habari ya namna hiyo, na sioni ajabu kwamba wengi wao, hata ambao hawajawahi kushika mkasi wa bustani, waliuliza swali moja: sasa niutunzeje?

Swali hilo ndilo lililozaa sehemu ya pili ya historia hii, ambayo haina shamrashamra lakini ndiyo iliyodumu. Mwaka 1992 Common Ground lilianza kueneza wazo la bustani ya matunda ya jamii. Mpango ni rahisi kuueleza. Watu wa kijiji au mtaa hukodi, hununua au huombwa kuangalia kipande cha ardhi chenye miti ya matunda, ya zamani au mipya. Hukitunza pamoja, hugawana mavuno, na lango huwa wazi kwa wote. Baadhi ya bustani hizo ziliokolewa siku chache kabla ya tingatinga. Nyingine zilipandwa upya katika viwanja vya hospitali, mashule, nyuma ya nyumba za halmashauri, kandokando ya reli. Ardhi ilipatikana, miche ikapatikana. Ujuzi ndio uliokuwa haba, kwa kuwa waliokuwa nao walikuwa wazee waliostaafu kutoka mashamba yaliyokwisha kung'olewa.

Kwa hiyo yakaanza mafunzo. Kila bustani ya jamii inayoendelea leo ina kalenda yake ya mafunzo, na kalenda hiyo imefuata mti tu.

Mafunzo ya kupogoa mitufaha na mipeasi huwa kati ya Novemba na Machi, mti ukiwa umepumzika na majani yamepukutika, ili umbo lake lionekane. Washiriki hufika wamevaa makoti na mabuti, wengi wakiwa na hamu ya kukata. Kazi ya kwanza ya mkufunzi mzuri ni kuwazuia. Huwazungusha mti mzima, awaulize tawi lipi limekufa, lipi lina vidonda vya kuvu vinavyozunguka gome, yapi mawili yanasuguana. Hayo ndiyo yanayoondolewa kwanza, na mara nyingi yakishaondolewa hakuna haja ya kuendelea sana. Kinachotafutwa ni mti ulio wazi katikati, ili jua na upepo vipite na majani yakauke upesi baada ya mvua, kwa sababu ukungu wa madoa ya tunda hupenda jani lililolowa. Msumeno hukatia nje kidogo ya pale tawi linapovimba kuungana na shina, maana sehemu hiyo iliyovimba ndiyo inayofunika jeraha.

Halafu huja somo ambalo wanafunzi hulisahau upesi: kiasi. Mti wa zamani ulioachwa miaka thelathini huwatamanisha watu kuumaliza kwa siku moja. Ukiondoa zaidi ya robo ya matawi kwa msimu, mti huogopa na kujibu kwa msitu wa machipukizi ya wima yasiyozaa, na mwaka unaofuata kazi inakuwa mara mbili. Kuurudisha mti kama huo kunataka misimu ya baridi mitatu au zaidi. Ndiyo maana mafunzo haya hayawezi kuwa ya mara moja. Anayehudhuria mwaka wa kwanza anakata. Anayerudi mwaka wa pili anaona mti ulimjibu nini.

Miplamu na micheri ina sheria nyingine. Haipogolewi wakati wa baridi, bali kiangazi, kwa sababu kuvu wa ugonjwa unaogeuza majani kuwa na rangi ya fedha huingia kupitia majeraha ya majira ya unyevu. Mtu asiyeambiwa hili, akienda na bidii yake ya Januari kutoka kwenye mtufaha hadi kwenye mplamu, anaweza kuua mti kwa nia njema.

Mafunzo ya kubebesha huwa Machi. Vikonyo hukatwa Januari, vijiti vya ukuaji wa mwaka uliopita, unene wa penseli, vikahifadhiwa kwenye mchanga wenye unyevu au ndani ya jokofu ili vichelewe kuamka. Mwanafunzi hukata mche na kikonyo kwa mshazari mmoja, huchanja kidogo kila upande ili viumane, kisha hulinganisha ule utando mwembamba wa kijani ulio chini ya gome, kwa sababu hapo ndipo vinapoungana. Hufunga kwa utepe. Mwishoni huandika kibandiko. Wakufunzi husisitiza kibandiko kuliko kisu, nami nakubaliana nao kabisa: mti uliopoteza jina bado unazaa, lakini hakuna atakayejua kwamba unahitaji kuokolewa.

Siku hiyo ndipo watu hujifunza kuchagua shina. Ujuzi wa mashina ya Uingereza ulipangwa na kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, kilichofunguliwa mwaka 1913, ambako Ronald Hatton na wenzake walikusanya mashina yaliyokuwa yakiuzwa kwa majina ya kuchanganya wakayapa namba. Shina M9 hutoa mti mfupi unaozaa mapema, unaohitaji nguzo maisha yake yote. MM106 hutoa mti wa wastani unaofaa ua wa nyumba. M25 hutoa mti mkubwa, unaochelewa kuzaa, lakini wenye matawi yaliyo juu ya mdomo wa kondoo na maisha yanayoweza kumzidi aliyeupanda. Kwa bustani ya jamii, uchaguzi huu una uzito wa pekee. Kikundi kinachotaka matunda haraka huelekea kwenye mti mfupi. Kinachowaza wajukuu huchukua M25. Wakufunzi hufundisha pia kwamba Bramley ina chavua dhaifu, hivyo anayeipanda lazima apande karibu yake aina nyingine mbili zinazochanua wakati mmoja, zichavushane zenyewe na kuichavusha nayo.

Kilichowashangaza wengi waliokuja kwa ajili ya matunda ni viumbe waliowakuta humo. Mtufaha huzeeka mapema. Mwaloni unahitaji karne kadhaa kabla haujatoboka. Mti wa matunda huwa na mapango na mbao zilizooza ndani ya miaka sitini hivi. Kwa viumbe wanaohitaji mti mzee, bustani ya matunda ni njia ya mkato. Maarufu kuliko wote ni mbawakawa wa kijani chenye mng'aro wa madini, Gnorimus nobilis, ambaye funza wake huishi miaka miwili ndani ya unga wa mbao zilizooza katika mashina yaliyotoboka. Ngome zake ni kaunti za Worcestershire, Herefordshire na Gloucestershire. Mbawakawa mwenyewe ni nadra kuonekana, hivyo watu wa kujitolea hufundishwa kupapasa ndani ya pango la mti na kutafuta vinyesi vya funza.

Yuko kirukia pia, Viscum album, mmea kimelea unaopenda mtufaha kuliko karibu mti mwingine wowote. Waingereza huutundika milangoni wakati wa Krismasi, na mji wa Tenbury Wells una mnada wake wa kila mwaka. Ndani ya bustani iliyoachwa, kirukia hufunika mti hadi ukavunjika kwa upepo. Kuna kosa linalojirudia: mimea hiyo ni ya kike na ya kiume, na watu hukata ile ya kike yenye matunda meupe ya kupamba nyumba, wakaiacha ya kiume ikitamalaki. Mafunzo ya majira ya baridi huwaelekeza kupunguza yote miwili kwa kiasi, bila kumaliza, kwa sababu kuna ndege na kuna nondo wanaotegemea mmea huo huo. Matunda yaliyoanguka yasiyookotwa nayo yana wenyewe: makundi ya ndege wanaohamia kutoka kaskazini mwa Ulaya hushuka Desemba na Januari kuyala. Majira ya kuchipua huwaleta nyuki wa upweke, wasio na mzinga, ambao kwenye ua la tufaha hufanya kazi hata katika baridi inayowabakiza nyuki wa asali ndani.

Hivyo somo la kutunza mti likawa somo la mazingira bila mtu kubadili mada. Anayepogoa anaambiwa aache tawi moja kavu lisilo la hatari. Anayefyeka anaambiwa aache nyasi ndefu chini ya miti hadi maua yapite. Mwaka 2007 bustani za matunda za kiasili ziliingizwa rasmi katika orodha ya makazi ya viumbe yanayopewa kipaumbele nchini Uingereza. Shirika la People's Trust for Endangered Species likaongoza kazi ya kuzichora ramani, likisaidiwa na mamia ya watu wa kujitolea waliokwenda kuzitazama kwa miguu. Taarifa yao ya mwaka 2011 ilisema asilimia 45 ya zilizotazamwa England zilikuwa katika hali mbaya. Nchi ilikuwa imepata takwimu zake kutoka kwa watu ambao, miaka ishirini kabla, hakuna aliyewauliza kitu.

Mwaka 2009 lilizaliwa London shirika jingine, London Orchard Project, ambalo sasa linaitwa The Orchard Project na linafanya kazi katika miji mingine pia. Lilipeleka wazo la Common Ground kwenye mitaa ya ghorofa na viwanja vya shule za mjini. Lina mafunzo yenye cheti kwa viongozi wa bustani za jamii, na linaweka sharti ambalo naona ni la busara kuu: haliridhiki na kupanda, linataka kikundi kilichofunzwa kitakachobaki na miti.

Sharti hilo lilitokana na maumivu. Kupanda mti ni kazi ya asubuhi moja, tena yenye picha nzuri. Bustani nyingi zilizopandwa kwa sherehe zilikauka kiangazi cha pili kwa kukosa maji, au zilikatwa gome na mashine za kufyekea nyasi, au zilikua bila kupogoliwa hadi matawi yakavunjika kwa uzito wa mavuno. Miaka mitatu ya kwanza ndiyo inayoamua: kumwagilia, kutandaza matandazo ya majani au vipande vya mbao bila kugusa shina, kulegeza kamba ya nguzo kadiri mti unavyonenepa, kuondoa matunda machanga ili mti ujenge mwili kwanza. Hakuna kati ya hayo linaloalika meya wala mpiga picha. Vikundi vilivyofaulu ni vile vilivyoufanya utunzaji wenyewe kuwa sababu ya kukutana: siku ya kupogoa yenye supu, siku ya kukamua juisi, usiku wa Januari wa kuimbia miti. Katika kijiji cha Carhampton, Somerset, mila hiyo hufanyika tarehe 17, usiku wa kumi na mbili wa Krismasi kwa kalenda ya zamani. Mkate uliolowekwa kwenye pombe ya matufaha hutundikwa matawini kwa ajili ya ndege, na bunduki hupigwa hewani.

Clifford na King walikuwa wamelihamishia shirika Shaftesbury, Dorset, mbali na mji mkuu. Mwaka 2006 walitoa kitabu kikubwa, England in Particular, kilichokusanya kwa alfabeti vitu vya kawaida vinavyotofautisha sehemu moja na nyingine, na mwaka 2008 mwongozo kamili wa bustani za matunda za jamii. Baadaye waliwaachia wengine uongozi, na nyaraka zao zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Exeter. Shirika halikuwahi kuwa kubwa. Vikundi vilivyotokana nalo havina makao makuu wala ofisi moja inayovijua vyote.

Mitufaha iliyopandwa juu ya M25 mwaka 1992 sasa imevuka miaka thelathini. Iko katika umri wake wa kuzaa, na mingine imeanza kutoboka pale matawi makubwa yalipokatwa. Bustani zilizo karibu na ngome za mbawakawa wa kijani zinaweza kumpokea ndani ya miongo michache ijayo, zikiachiwa mbao zake. Kwa hiyo washiriki wa mafunzo ya majira ya baridi wanaonyeshwa miti hiyo, wanaingiza mkono pangoni kupima kina chake, kisha wanajadiliana tawi kwa tawi lipi liondolewe na lipi libaki. Vikonyo vya aina zake vinakatwa siku hiyo hiyo, vinawekewa vibandiko, na kusubiri Machi.